Kwa vijana wenye biashara mnaotaka viti vya 2027: njooni kwanza na daftari la madeni

Wanangu wa Ukunda, Diani, Msambweni na Lunga Lunga,

Assalamu alaikum kwa wenye kuitikia, na hamjambo nyote.

Wiki mbili zilizopita mlikuja barazani kwangu watu saba, kuomba baraka za wazee. Kila mmoja wenu ana biashara yake. Yuko mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yuko mwenye matatu tatu za Likoni, yuko anayepeleka samaki mahotelini, na wengine nawajua tangu baba zao. Wawili mnautaka ubunge, mmoja useneta, na waliosalia uwakilishi wadi. Mmoja wenu akasema neno lililonikaa moyoni: "Mzee, sisi tumezoea kuendesha biashara, siasa haitatushinda." Sikumjibu siku ile. Tulisoma dua, mkanywa kahawa, mkaenda zenu. Jibu langu ni hili, na nimeliandika wazi kwa sababu najua mko wengi kuliko saba.

Nataka tuyatazame maisha ya mtu mmoja, Kenneth Matiba. Nyinyi mmelisikia jina lake kila inapofika Saba Saba. Kwetu sisi watu wazima wa huku hakuwa jina la redioni tu. Jadini, Africana Sea Lodge na Safari Beach, hoteli zile za ufuo wa Diani, zilikuwa za kampuni yake ya Alliance. Mama zenu walitandika vitanda humo. Baba zenu walipika humo, na wengine walivua wakauza samaki mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa na duka langu la leso hapo Ukunda, na mahoteli yakilipa mishahara, jioni ile sikukaa kitako. Kwa hiyo nikimzungumza Matiba nazungumza pia habari za sufuria zetu.

Alizaliwa 1932 Murang'a, akasoma shule ya Alliance kisha Chuo cha Makerere, na uhuru ulipokuja akawa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kukalia kiti cha katibu wa kudumu wa wizara, naye ana miaka thelathini na kitu. Hayo nayapita. Mahali ninaposimama ni 1968. Mwaka huo aliacha serikali akaenda Kenya Breweries, na huko akapanda hadi kuwa mwenyekiti mtendaji. Mimi ni Mwislamu na biashara ya bia siisifu mbele ya yeyote. Ninachokitazama ni mwendo wake: aliinuka kwanza kwenye kiti cha umma, ndipo akaenda kushika biashara. Miaka mitatu baadaye, 1971, Tume ya Ndegwa ikapendekeza watumishi wa serikali waruhusiwe kuwa na biashara zao wakiwa kazini, na matokeo yake mmeyakuta na kuyazoea. Mtu anaandika zabuni kwa mkono wa kulia, anaipokea kwa mkono wa kushoto. Wawili kati yenu mnaiuzia kaunti hivi sasa. Hamkunificha, na nawashukuru kwa hilo. Lakini hamkuniambia mtafanya nini na hizo kandarasi siku mtakapoapishwa. Kisomeni kifungu cha 75 cha Katiba, kile cha mgongano wa maslahi ya mwenye cheo cha umma, kabla hamjarudi kwangu.

Matiba alijenga mali yake mwenyewe: mahoteli haya, shule za Hillcrest kule Nairobi, na mashamba. Mwaka 1979 akaingia uchaguzini jimbo la Mbiri na kumwangusha Dkt Julius Kiano, waziri wa siku nyingi na Mkenya wa kwanza kupata shahada ya udaktari. Akapewa wizara moja baada ya nyingine. Angeweza kukaa hapo mpaka uzeeni, waziri mwenye mahoteli, asiguswe na mtu.

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri.

Ulikuja 1988, mwaka wa mlolongo. Nyinyi hamkuuona. Wapiga kura walipanga mstari nyuma ya mgombea wao au mtu aliyeshika picha yake, wakahesabiwa vichwa mchana kweupe, na bado mstari mfupi ukatangazwa kuushinda mrefu. Nilisimama kwenye mstari kama huo. Tulikuwa wengi, tukaambiwa sisi ni wachache, tukarudi nyumbani kimya tukiona haya kutazamana. Baadaye mwaka uleule ukaja uchaguzi wa viongozi wa mashinani wa KANU, chama cha pekee wakati ule, na kule kwa Matiba mambo yakawa yaleyale. Yeye alikuwa waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano. Desemba 1988 akajiuzulu na kusema wazi sababu yake. Zama zile waziri alikuwa akifutwa, hakuwa akijiuzulu. Chama kikamfukuza, na ubunge ukaondoka pamoja na chama.

Mei 1990 akaketi na Charles Rubia mbele ya waandishi wa habari Nairobi, wakadai vyama vingi. Rubia naye alikuwa mfanyabiashara, na ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi. Tarehe 4 Julai wote wawili walikamatwa, siku tatu kabla ya mkutano wa Kamukunji walioupangia tarehe 7, na hiyo ndiyo Saba Saba. Matiba akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mei 1991 akapigwa na kiharusi akiwa humo, na walipomwachilia mwezi uliofuata alipelekwa London, akatibiwa huko karibu mwaka mzima. Hakurudi tena kuwa yule aliyeingia.

Sasa nawauliza nyinyi mliosema mmezoea kuendesha biashara. Mwenye mali amewekwa seli. Nani anaketi na meneja wa benki? Nani anatia sahihi hundi za mishahara? Riba hailali kwa kuwa mkopaji yuko kizuizini. Hoteli zile na shule zile zilikuwa na mikopo kama biashara yoyote kubwa, na mikopo ikazidi kuvimba. Hillcrest iliishia mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa ajili ya wadai, ikauzwa 2011. Hoteli za hapa kwetu zilifungwa, na nyasi zikaota palipokuwa pakifagiliwa kila alfajiri. Sitawadanganya kwamba yote yalitokana na kizuizi. Vurugu za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii pwani nzima, na waliokuwa hawana habari na siasa nao walifunga milango. Lakini Matiba mwenyewe aliishtaki serikali akidai kwamba kizuizi ndicho kilichombomolea biashara na kumwachia madeni. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamuru alipwe zaidi ya shilingi milioni 500. Alifariki Aprili mwaka uliofuata.

Wanangu, mtu yule alisema kweli huku mali yake yote ikiwa mezani. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa cheo chochote alichoshika. Lakini wengi wetu hatuna kifua kile, na bora mtu ajijue mapema. Mimi nilijijua nimechelewa.

Mwaka huohuo wa 1997 niligombea udiwani. Vurugu zilikuwa zimeua biashara, leso zinakaa rafuni hazina mnunuzi, nami nikaona nikipata kiti nitasaidia watu na nitajisaidia. Fedha za kampeni sikuwa nazo. Akatokea tajiri mmoja, akanikopesha bila maandishi. Akasema, "Sheikh, tutaelewana." Nikanunua mabango, nikakodi gari la vipaza sauti, nikawagawia kina mama leso za dukani kwangu kana kwamba sikuzinunua.

Wiki ya pili ya kampeni tukafanya mkutano kwenye kijiji kimoja cha wavuvi. Mzee mmoja akainuka akauliza: mgombea, ile njia ya kuteremkia baharini iliyozibwa kwa ukuta, ukichaguliwa utasema nini? Ukuta ule ulikuwa wa tajiri yangu. Watu wote walijua ni wake. Hawakujua kwamba mafuta ya gari lililonileta pale yalikuwa yake pia. Nikajibu maneno mengi: tutaunda kamati, tutafuata utaratibu, tutakaa na wahusika. Mzee yule akanitazama mpaka nilipomaliza, akasema, "Ameshajibu," akaufunga msuli wake vizuri akaondoka. Nyuma yake wakainuka wengine, mmoja mmoja.

Nilishindwa uchaguzi, na nilistahili. Lile deni nililipa kwa miaka sita, leso kwa leso. Ukuta uko palepale. Kila nikipita hapo nauona mdomo wangu ukifunguka siku ile na kutoa upepo.

Ndiyo maana neno langu la kwanza kwenu si la chama wala la sera. Mtu anayedaiwa sana hana ulimi. Benki ikikudai, unamwogopa anayeweza kuinong'oneza benki. Tajiri akikudai, unauogopa ukuta wake. Na msinijibu kwamba nyinyi mtajifadhili wenyewe. Kujifadhili kwa mkopo ni kule kule kudaiwa, na ukishashinda utaanza kutafuta pa kurudishia. Mshahara wa mbunge mnaujua na gharama za kampeni mmezianza kuziona. Fanyeni hesabu kama mnavyoifanya mkinunua saruji: hizo fedha zitarudi kupitia mlango gani?

La pili ni gumu zaidi kulisema, kwa sababu namgusa mtu niliyetoka kumsifu. Mwenye duka akisema funga, mlango unafungwa. Mwenye matatu akimwambia dereva geuza, gari linageuka. Mkikaa miaka ishirini na watu wanaowaitikia ndiyo, mtafikiri huo ndio uongozi. Matiba alirudi Kenya Mei 1992 akapokewa na umati mkubwa. Upinzani ulikuwa chini ya paa moja, FORD, na nchi nzima ilikuwa ikiutazama. Yeye na Jaramogi Oginga Odinga, hakuna aliyekuwa tayari kumpisha mwenzake. Kabla mwaka haujaisha FORD ikawa mbili, FORD-Asili ya Matiba na FORD-Kenya ya Jaramogi, na Mwai Kibaki alikuwa na chama chake cha DP pembeni. Tarehe 29 Desemba, katika uchaguzi wa urais, Rais Moi wa KANU akapata asilimia 36, Matiba 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Zijumlisheni hizo za upinzani. Zaidi ya watu milioni 1.4 walimpigia Matiba peke yake, na Moi akarudi Ikulu kwa miaka kumi mingine.

Wako wanaosema ugonjwa ndio uliomkaza, na wako wanaosema wasaidizi wake ndio waliomshupaza. Mimi naona pia ile tabia ya mwenyekiti mtendaji. Mtu aliyeinua kampuni kwa uamuzi wake mwenyewe ataona kungoja wenzake ni kupoteza muda. Mwaka 1997 hakugombea kabisa, na kadi yake ya kura akaichoma moto. Aliporudi 2007 kuomba urais tena, alipata kura 8,000 na kitu. Watu hawakuwa wamesahau alichokifanya 1990. Walikuwa wameshakwenda na wengine.

Na nyinyi saba mmeshaanza. Wawili mnaotaka ubunge ni wa eneo moja, mmekuja kwenye baraza moja, mmenywa buli moja, na kila mmoja alinivuta pembeni kuniambia mwenzake ni dhaifu. Katika mchujo mmoja wenu lazima akae chini. Kakubaliane hilo kabla hamjachapisha mabango. Anayebaki amwachie mwenzake aliyepisha neno la kweli katika mambo ya jimbo, si ahadi ya zabuni.

Na wafanyakazi wenu. Hili nalisema kwa ajili ya wale kina mama waliokuwa wakija dukani kwangu mwisho wa mwezi, ambao hoteli zilipofungwa walibaki wakiuza maandazi njiani. Hawakugombea kiti wala hawakuchoma kadi. Yeyote atakayechukua fomu, amweke kwanza mtu wa kuishika biashara, mwenye mamlaka ya kutia sahihi, kwa karatasi ya wakili. Mishahara ya miezi sita iwe kwenye akaunti ambayo kampeni haiigusi hata wapambe wakilia. Mwenye matatu, madereva wako wasigeuzwe wapambe bila malipo. Mwenye samaki, wavuvi walipwe siku ileile kama sasa, hata wiki ya uchaguzi.

Baraka mlizoomba sijawanyima. Mimi na wazee wenzangu tumezungumza, na tumekubaliana tuwaite mmoja mmoja. Kila mtu aje na madaftari mawili, la biashara na la madeni, na katika hilo la pili aandike jina la kila anayemdai, benki, shemeji, tajiri, hata yule aliyesema "tutaelewana". Hatutalipeleka popote. Tutalisoma pamoja, tutauliza maswali, kisha tutainua mikono. Mimi nipo barazani kila siku baada ya Alasiri, isipokuwa Ijumaa.

Mzee wenu,
wa duka la leso, Ukunda