Asili kuwa sifuri hakutoshi kuleta asimptoti

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu namna wanafunzi wanavyofundishwa kuchora grafu za fanksheni za kisehemu, yaani zile ambazo polinomia moja (usemi kama x² − 4) hugawanywa kwa nyingine. Kanuni inayokaririshwa ni kwamba anayetafuta asimptoti wima, yaani mstari wa kusimama ambao grafu huukaribia huku ikipaa au kuzama bila kikomo, aifanye asili (sehemu ya chini ya mgawanyo) iwe sifuri, basi. Huo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowaponza.

Tuchukue f(x) = (x² − 4)/(x² − x − 2). Anayefuata kanuni hiyo atapata x = 2 na x = −1, atachora mistari miwili ya nukta nukta, kisha atahangaika kutafuta tawi la grafu linalopaa au kuzama karibu na 2, tawi ambalo halipo. Angetafuta vigawo kwanza, yaani semi ambazo zikizidishwa huzaa kila polinomia, angeona kuwa (x − 2) kimo kwenye kiasi (sehemu ya juu) na kwenye asili pia; kikifutwa hubaki (x + 2)/(x + 1), kwa hiyo penye x = 2 pana tundu tu, yaani nukta moja inayokosekana kwenye grafu, nayo ni (2, 4/3), na asimptoti wima ni x = −1 peke yake. Kosa hilo huzaa jingine: kwa kuwa kiasi huwa sifuri x ikiwa 2 au −2, mwanafunzi huandika kuwa grafu hukata mhimili wa x mara mbili, ilhali huukata kwenye −2 tu. Mhimili wa y hauna utata, kwani f(0) = 2.

Kikokotoo cha grafu nacho hakimwokoi, maana tundu la nukta moja halina upana wa kuonekana kwenye kioo.

Wengine huambiwa pia kwamba grafu haivuki asimptoti kamwe. Kwa asimptoti wima ni kweli; ile ya mlalo, ambayo katika mfano wetu ni y = 1, hueleza tu mwenendo wa grafu x inapokwenda mbali mno kulia au kushoto. Grafu ya x/(x² + 1) ina asimptoti y = 0, na bado huikata pale pale x = 0.

Ombi langu kwa watunga mitihani ni kwamba alama ya kwanza itolewe kwa kutafuta vigawo, kabla ya asimptoti yoyote kutajwa, na mwanafunzi aliyechora duara tupu penye tundu apewe alama yake.

Wako,
Mwalimu wa hisabati