Barua kwa mwanangu: chini ya mretemu

Machame

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Shikamoo yako nimekaa nayo wiki tatu, tangu siku ile uliponipigia ukasema huendi tena kanisani, na kwamba hata ukijaribu kuomba maneno yanakwama kooni. Nikakwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu, mama. Nilikata kwa sababu ulikuwa unanisimulia habari zangu mwenyewe.

Nitakueleza jambo ambalo hata mchungaji sijamweleza. Tangu tulipomzika mama yako, kwa miaka miwili na zaidi, nilikuwa mzee wa kanisa asiyeomba. Kapu la sadaka nilipitisha. Somo la kwanza nililisoma kwa sauti ile ile ya darasani. Baada ya ibada nilisimamia mnada, nikinadi mikungu ya ndizi na trei za mayai na kuwachekesha watu, kisha nikarudi nyumbani kukaa jikoni bila kuwasha taa. Sikuwa na hasira. Hasira ingekuwa afadhali, maana humkasirikii mtu usiyeamini kwamba yupo. Na ile "kazi ya Mungu haina makosa" niliyoambiwa matangani kutwa kucha, ingekuwa insha ya mwanafunzi ningeipiga mstari mwekundu.

Wewe ulifunga, ukakesha kando ya kitanda chake. Nilikuona. Kwa hiyo usiogope, sitakuja kukwambia kwamba hukuomba vya kutosha.

Kilichonirudisha ni neno moja nisilolijua maana. Mwaka jana mwezi wa saba, baridi kali, nilikuwa natafuta risiti ya maji. Unajua mama yako kila karatasi aliifungia ndani ya Biblia yake, ile nyeusi aliyoizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nilipoufungua ule ukanda, kitabu kikalalia 1 Wafalme 19, na pembeni mwa mstari wa nne alikuwa ameandika kwa penseli: "mretemu?" Hakuna zaidi.

Mwalimu, hata mstaafu, hawezi kuacha swali la mtu likining'inia, sembuse la mtu ambaye hataliuliza tena. Kamusi yangu haikunisaidia. Mwinjilisti akasema, "Si mti tu, mwalimu?" Kijana wa jirani ndiye aliyenitafutia kwenye simu yake: ni kichaka cha jangwani, chenye vijiti vyembamba, majani haba na maua meupe, na Kiebrania chake ni rotem. Kumbe watafsiri wa Union Version, ile Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, walilichukua neno karibu kama lilivyo, wakalivisha m- ya miti yetu. Kivuli chake ni haba. Nikalifuatilia kwingine. Ayubu 30, maskini wanakula mizizi yake. Zaburi 120, makaa yake yanatajwa pamoja na mishale, kwa jinsi yanavyowaka.

Hapo ndipo nilipoisoma habari yenyewe kama mtu asiyeijua. Miaka yote nilifundisha sura ya 18, moto wa Karmeli na manabii 450 wa Baali, maana watoto wanaipenda. Sura ya 19 nilikuwa naipitia mbio. Nabii Eliya, huyo huyo wa moto, anatishwa na malkia Yezebeli, anakimbia, anajikunja chini ya kichaka na kusema: "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Halafu analala. Nilingoja akemewe. Malaika anamgusa, anamwambia inuka, ule. Mkate umeokwa juu ya makaa, na gudulia la maji liko kichwani pake. Anakula, analala tena, na bado hakemewi. Anaguswa mara ya pili, anaambiwa ale kwa kuwa safari ni kubwa mno kwake.

Biblia haisemi makaa yale yalikuwa ya mti gani. Lakini jangwani mtu hukokea alichokikuta, na mimi siwezi tena kuusoma mkate ule bila kuwaza kwamba uliokwa kwa kuni za kichaka kile kile alichokichagua afie chini yake. Mchungaji akinipinga kwa hili, sitabishana naye.

Nikakumbuka jambo ambalo aibu yake bado ninayo. Maneno ya matangani niliyahesabu yote, lakini yule bibi wa ng'ambo ya mfereji nilikuwa nimemsahau. Karibu wiki mbili baada ya maziko aliacha hotpoti ya mtori kwenye ngazi kila jioni, anasema "Kula, mwalimu," anaondoka. Hakutaja Mungu hata siku moja. Nilikula mtori wake nikiwalaumu watu wa kanisa lake.

Halafu pana hili, na sijapata kulisikia likihubiriwa. Anapofika Horebu, mlima wa Mungu, Eliya anaulizwa na Mungu anafanya nini pale. Anajibu. Unakuja upepo, tetemeko, moto, kisha ile sauti ndogo ya utulivu. Wahubiri wengi huishia hapo, kwaya ikasimama. Soma mbele. Anaulizwa tena swali lile lile, naye anajibu vile vile: mimi peke yangu ndimi niliyesalia. Niliandika mstari wa 10 na wa 14 kwenye daftari, ubavu kwa ubavu, kama ninavyowakamata wanaotazamiana kwenye mtihani. Ni jibu moja! Sauti ya Mungu imempitia masikioni na malalamiko yake hayajapungua hata neno. Na Mungu habishani naye. Anampa kazi, watu watatu wa kuwatia mafuta, na karibu na mwisho, kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni, anamwambia wapo elfu saba wengine.

Usiku ule niliomba. Nilisema "Yatosha", nikalia, nikalala. Asubuhi malalamiko yangu yalikuwepo, nikayasema tena. Hata leo nayasema, mama, ila sasa nina wa kumwambia. Naweza kukuonyesha nilipoanzia tu. Siku gani hasa nilianza kuamini tena sijui, kama nisivyojua siku gani kahawa huanza kuiva. Jumapili moja tulipokuwa tunaitikia liturgia nilijikuta nasikia ninachokisema.

Sikulazimishi kwenda popote. Ukitaka, soma sura ile moja, polepole, unipigie uniambie nilipokosea. Safari hii sitakata.

Biblia yenyewe sikutumii, bado nina matumizi nayo. Nimegundua alama nyingine ya kuuliza kwenye Habakuki. Nimekutumia ndizi mshare kwa basi la kesho, boksi limefungwa kwa kamba ya bluu, konda nitakutumia namba yake. Nimeweka na nyama ya kukausha kidogo kwa ajili ya mtori. Zitoe kwenye boksi jioni hiyo hiyo, zisije zikaivia humo.

Baba yako