Wanaopanga foleni nao wana mikono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo habari za benki za chakula, yaani vituo vinavyokusanya chakula na kuwagawia bure wenye uhitaji, huliruka. Tunasoma tani zilizogawiwa na idadi ya familia zilizohudumiwa. Ni mara chache kusoma kuhusu jiko lenyewe, na yanayowapata watu wanaosimama humo bega kwa bega wakimenya viazi.

Niliingia jikoni miezi michache baada ya kufiwa na mke wangu. Sikufuata marafiki. Jumatano zilikuwa ndefu mno, na jirani akaniambia kuna mahali wanahitaji watu. Msimamizi hakuniuliza habari za maisha yangu. Alinipa aproni, kisu na gunia la vitunguu. Saa mbili nzima mimi na mwenzangu wa mkabala tuliongea habari za vitunguu tu: tukate vikubwa au vidogo, vilivyoanza kuchipua vinafaa au havifai. Wiki iliyofuata nilichelewa dakika 20, nikakuta wanaulizana nimepatwa na nini. Tangu msiba, ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kuona kwamba sijafika mahali.

Mwaka 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilieleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke. Ushauri tunaopewa ni kutoka tukajumuike na watu. Lakini mpweke akialikwa tu, mara nyingi hubaki kando na kikombe chake. Jikoni ni tofauti, kwa sababu sufuria kubwa la supu halinyanyuliwi na mtu mmoja. Chakula lazima kiive sawasawa, na kikishaiva kisikae nje ya moto zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo tunaitana, tunahimizana, tunapokezana mwiko. Mikono ikiwa kazini na macho yakiwa kwenye ubao wa kukatia, mtu husema mambo ambayo asingeyasema akiwa amekalishwa kitini mbele yako. Habari za mke wangu nilizisema hapo, juu ya karai la karoti.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Kwa muda mrefu jiko letu lilikuwa na sheria kwamba aliyeandikishwa kupokea chakula haruhusiwi kufanya kazi ndani. Mama mmoja wa foleni aliomba mara tatu asaidie, mara tatu akakataliwa kwa upole. Siku moja wenzetu wanne hawakutokea, msimamizi akamfungulia mlango. Kumbe alikuwa amepikia mamia ya watu kwa miaka mingi. Kabla hatujaanza kubishana nani afanye nini, alishabandika maji, akatenga mboga za kupikwa leo na zinazoweza kungoja kesho. Leo ndiye anayeongoza zamu ya Jumatano. Mwenzetu mwingine alipoachishwa kazi, alichukua kikapu chake mwisho wa zamu bila kujificha, na aliyemjazia ni mama huyo huyo.

Tusisahau wazo lenyewe lilikotoka. John van Hengel, aliyeanzisha benki ya kwanza ya chakula mjini Phoenix, Marekani, mwaka 1967, alieleza kwamba fikra hiyo aliipata kwa mama aliyekuwa akiokota chakula cha watoto wake kwenye mapipa ya taka ya duka. Yule mama ndiye aliyesema pawepo mahali pa kuweka chakula kinachotupwa, kama benki inavyoweka fedha.

Najua hofu za wasimamizi. Kuhusu usafi, kanuni ni moja kwa wote: nawa mikono, funika nywele, ukiumwa tumbo baki nyumbani. Kuhusu siri za watu, daftari la majina likae ofisini, wala lisipite jikoni. Ila nasisitiza, chakula kisigeuzwe ujira. Asiyetaka au asiyeweza kufanya kazi apewe sawa na wengine, na asiulizwe kwa nini.

Ninachokuomba, Mhariri, ni kuchapisha siku na saa ambazo majiko haya yanahitaji watu, kama unavyochapisha maombi ya michango. Na wasimamizi nawaomba wawatangazie hata walio kwenye foleni. Sisi siku hizi tunatangaza kabla ya kufungua mlango. Wiki iliyopita walijitokeza watatu. Mmoja, mzee wa makamo yangu, alisema miguu yake haimruhusu kusimama. Tulimletea kiti na beseni, akamenya viazi mpaka mwisho wa zamu, kisha akauliza Jumatano ijayo tunaanza saa ngapi.

Wako,
Mpishi wa kujitolea