Njia isiyo kwenye orodha ya msitu ihesabiwe imefungwa

Ndugu Mhariri,

Dereva anayekutwa na gari au pikipiki nje ya barabara ndani ya misitu ya hifadhi ya mkoa wetu wa Tanga ana swali moja ambalo humpa tabu askari wa misitu: "Mbona hapa hakuna bango?" Na mara nyingi kweli halipo. La mbao limekwenda jikoni, la bati limeuzwa chuma chakavu, na lililopigiliwa kwenye mti limemezwa na gome. Kwa mazoea yetu, upenyo wowote unaopitika huhesabiwa njia mpaka atokee wa kuuziba. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini mazoea hayo yageuzwe. Njia zilizo wazi ziorodheshwe, zipewe namba na zichorwe kwenye ramani. Isiyokuwemo ihesabiwe imefungwa, bango liwepo lisiwepo.

Marekani walilipitia jambo hili kabla yetu. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri kwamba ardhi za umma zitengwe, hapa magari yaruhusiwe kutoka nje ya barabara, pale yasiruhusiwe. Mwaka 1977 Rais Carter akaitia nguvu: msimamizi akiona magari yanaharibu vibaya udongo, mimea au wanyama, afunge eneo hilo mara moja. Bado misitu mingi ikabaki wazi isipokuwa palipobandikwa katazo, na njia za kujichongea zikazidi kuota. Ndipo mwaka 2005 idara yao ya misitu, inayosimamia hekta zipatazo milioni 78, ikatoa kanuni ya kugeuza mambo: kila msitu uwe na ramani ya magari itolewayo bure, yenye kuonyesha njia zilizoruhusiwa, aina ya chombo na msimu wake. Kuendesha nje ya ramani ni kosa, na kujua uko wapi ni wajibu wa dereva. Hapo kung'oa bango hakumsaidii mtu. Magari ya dharura, ya zimamoto, ya walinzi na ya wenye kibali maalumu yaliachwa nje ya katazo. Walikosea jambo moja tusilolirudia sisi: ramani zenyewe walizichora nyeusi na nyeupe, bila vilima wala alama za kutosha za kumwelekeza mtu.

Huku kwetu msingi upo tayari. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997 na sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, sawa na zile za Nilo na Magamba. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inataka kibali kwa shughuli nyingi ndani ya msitu wa hifadhi, na inaitambua pia misitu ya vijiji, ambako serikali ya kijiji hutunga sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji ukazijadili na halmashauri ya wilaya ikazipitisha. Orodha ya njia inaweza kukaa ndani ya sheria ndogo hizo kama kiambatisho, na ikarekebishwa kila mwaka bila kuanza upya.

Wala hakuna anayetaka kuwafungia watu milimani. Hiliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga za Amani hushuka Muheza kwa pikipiki, na mama mjamzito wa kijiji cha juu hushushwa kwa pikipiki hiyohiyo usiku. Njia za namna hiyo ndizo ziwe za kwanza kwenye orodha.

Orodha haitengenezwi ofisini. Ni watu watano au sita kutembea kwa miguu: mwenyekiti wa kitongoji, mjumbe wa kamati ya maliasili, askari wa TFS, mtu wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, pale njia inapogusa barabara ya wilaya, na bodaboda mmoja au wawili. Hao wa mwisho wasiachwe, maana ndio wanaozijua chochoro zote. Simu ya kawaida yenye GPS inatosha kurekodi mwanzo wa njia, mwisho, kila njia panda, kila kivuko cha mto na kila mteremko mkali. Mwinuko hupimwa kwa fimbo ya mita 2 na pima maji ya fundi ujenzi: ncha moja iguse ardhi upande wa juu, fimbo ilale sawa, upime nafasi iliyobaki chini ya ncha ya pili. Sentimita 20 ni mwinuko wa asilimia 10. Baada ya hapo kila njia ipangiwe daraja lake: wazi mwaka mzima, wazi wakati wa ukavu tu, pikipiki tu, au imefungwa. Kwenye kila mwanzo na kila njia panda isimikwe nguzo ya zege ya sentimita 15 kwa 15, urefu wa mita 1.2, sentimita 50 zikiwa ardhini, namba yake ikipakwa rangi pande zote mbili. Zege halichomwi kuni wala haliuzwi kwa kilo.

Wasomaji wengine watauliza, gari moja linadhuru nini? Tairi lenye upepo wa PSI 35 likipita kwenye udongo mwekundu uliolowa, huushindilia mpaka vitundu vyake vinabanwa. Maji yanashindwa kuzama, yanaufuata mfuo wa tairi. Amani hupata mvua ya takriban milimita 1,900 kwa mwaka, kwa hiyo mfuo wa sentimita 5 haukawii kuwa mtaro. Gari la pili huutambuka, la tatu hupanda ukingoni kuukwepa, na masika yakiisha njia moja imezaa tatu. Lililofungwa minyororo ya matairi hufika, ni kweli, lakini huacha nyuma yake udongo uliochanwa kama shamba lililotifuliwa. Pikipiki ni nyepesi, ila tairi la meno likizunguka mahali pamoja kwenye kilima huchimba shimo kwa dakika chache. Upana nao una hasara yake: njia inapotanuka kivuli hufunguka, na vitu kama ua la dughulushi, lile la zambarau lililochukuliwa milima hii ya Usambara mwaka 1892 likaenda kupamba madirisha ya Ulaya, huishi kwenye miamba yenye kivuli na unyevu.

Udongo ule hauishii mlimani. Unaingia Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza Bwawa la Mabayani, ambalo jiji la Tanga linalitegemea kwa maji ya bomba. Matope yakizidi, dawa ya kusafishia maji inaongezeka, na tope linalotuama linakula nafasi ya maji bwawani. Mkazi wa Ngamiani, jijini Tanga, anayelipa bili ya maji analipia na mfuo wa tairi uliochongwa Muheza.

Kwa njia za wakati wa ukavu, kufunga kwa tarehe hakutoshi, kwa sababu vuli huweza kuwahi na masika kuchelewa. Kuna kipimo ambacho mlinzi wa geti anakifanya kwa dakika 5. Chimba sentimita 10, chukua donge la ukubwa wa limau, toa mawe, kisha livingirishe kati ya viganja liwe kamba. Kamba ikifikia wembamba wa milimita 3, kama mrija wa wino ulio ndani ya kalamu, bila kukatika, udongo bado umelewa maji na geti lisifunguliwe kwa gari. Ikikatikakatika kabla ya hapo, udongo umeanza kuweza kubeba uzito. Lakini pimeni sehemu tatu: juani, bondeni, na chini ya miti mikubwa ambako ardhi hukauka mwisho. Anayepima getini tu, penye jua, atafungua siku mbili kabla ya wakati.

Njia zilizo wazi nazo zinataka matuta ya kuchepusha maji, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kwenye mwinuko wa asilimia 5 tuta moja kila mita 40 linafaa. Asilimia 10, kila mita 25. Asilimia 20, kila mita 15 au pungufu. Tuta lilale mshazari, nyuzi 30 hivi, lisikate njia moja kwa moja, na kutoka kwenye kifereji chake hadi kileleni liwe na kimo cha sentimita 30 baada ya kushindiliwa. Kinachowaharibia kazi wengi ni mdomo wa kutokea: mtu huchimba vizuri, kisha anaacha udongo aliouchota ukiziba upande wa chini. Maji yanajaa, yanapanda juu ya tuta, yanalikata katikati, na umekwisha kuyatengenezea mfuo mpya. Mdomo uwe wazi, umwage kwenye majani na mizizi, kamwe usimwage mtoni. Kosa la pili ni tuta lisiloshindiliwa, ambalo pikipiki ya kwanza hulichana. Likiwekewa mawe kileleni linadumu. Gogo huoza, au hubebwa kuni.

Kufunga njia haramu kuna ujuzi wake. Mti uliolazwa kati ya nguzo mbili unazuia gari, pikipiki inapita pembeni. Handaki kwenye mteremko ni baya zaidi, linageuka mfereji. Jiwe kubwa lifukiwe theluthi moja, la sivyo vijana wanne watalibingirisha. Kinachofanya kazi ni kuificha njia isionekane na aliye barabarani: mita 50 za mwanzo zitifuliwe kwa sururu na jembe kina cha sentimita 20 hadi 30, zitandazwe matawi, zipandwe miche ya miti ya asili ya palepale wakati wa mvua. Dereva hufuata anachokiona. Akiona kichaka, anapita.

Sasa ukamataji. Gari la doria lenye kuzunguka msitu mzima husikika kabla halijafika, na mkosaji huzima injini akangoja lipite. Vyombo huingia kwa vichochoro kumi lakini hutoka kwa madaraja mawili au matatu. Askari wawili na mgambo wa kijiji wakikaa darajani Jumapili alasiri watapata zaidi kuliko doria ya wiki nzima. Kukimbizana kupigwe marufuku kabisa. Njia ni nyembamba, kuna makorongo, kuna watoto wanaotoka mtoni na ndoo, na hakuna faini inayostahili maisha ya mtu. Namba ya chombo ikishaonekana, mwenyewe atapatikana.

Ushahidi unaosimama mahakamani ni picha nne: namba ya usajili, chombo kizima kikiwa na mifuo yake nyuma, meno ya tairi pamoja na rula, na nguzo ya namba iliyo karibu, simu ikiwa imewashwa GPS na saa. Pale kosa linapofifilishwa, yaani kumalizwa kwa kulipa faini badala ya kupelekwa mahakamani, mkosaji apewe fomu, kontroo namba na risiti ya serikali. Fedha ikipita mkononi gizani, sheria inakufa siku hiyohiyo, na kijiji kizima kinajua.

Na sheria iwabane wote. Gari la doria halina ruhusa ya kuchimba mifuo kwenye tope kwa matembezi ya kawaida. Dharura ni neno lenye maana yake. Wakandarasi wanaovuna miti kwenye mashamba ya serikali waweke dhamana ya kurudisha njia, nayo irudishwe pale tu matuta yatakapokaguliwa baada ya mvua. Matrekta ya kukokota magogo kwenye tope huharibu kwa siku moja zaidi kuliko bodaboda wote wa kata.

Kutembea njia kufanyike Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa ngumu na mifuo ya mwaka uliopita ingali inasomeka. Nguzo zimwagwe mapema, kwa kuwa zege linahitaji kumwagiliwa siku 7 kabla ya kubebwa, na ziwe zimesimama kabla ya mvua za Machi. Ramani ya kwanza, hata ikichorwa kwa mkono, ionyeshe mito, shule, misikiti na makanisa, vitu ambavyo mtu anavijua, kisha ibandikwe geti la Zigi la kuingilia hifadhi ya Amani, ofisi za vijiji na vijiwe vya bodaboda pale Muheza.

Wako,
Msomaji, Muheza, Tanga