Yah: Malalamiko kuhusu baridi mliyoitangazia uhakika ambao hakuna aliye nao

Reading, Uingereza
14 Oktoba 2024

Mhariri Mkuu,
(Jina la kampuni nimeliondoa kwenye nakala hii ninayoiweka hadharani. Nyie mnajijua.)

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Reading, na ni mtazamaji wa chaneli yenu ya mtandaoni tangu mlipokuwa mnarusha habari za Kariakoo tu. Ninalalamikia habari yenu ya wiki iliyopita yenye kichwa “UINGEREZA KUGANDA MIEZI MITATU, WATAALAMU WATHIBITISHA”, pamoja na tangazo la hita na majaketi mlilolibandika chini yake.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda. Hata theluji ikidondoka kesho asubuhi na isiyeyuke mpaka Pasaka, malalamiko haya yanabaki vilevile. Kupatia kwa bahati hakutaifanya habari ile kuwa ya kweli siku mliyoirusha. Hakuna mtu duniani anayeweza kuthibitisha mwezi Oktoba kwamba Januari ya Uingereza itaganda, na wanaoifanya kazi hiyo kwa dhati ndio wa kwanza kulisema.

Tuanze na picha. Mmeweka foleni ya magari yaliyofukiwa na theluji hadi kwenye vioo. Magari yote yako upande wa kulia wa barabara, na nyuma yake kuna basi la shule la njano. Waingereza wanaendesha kushoto kama sisi. Mfanyakazi wenu yeyote anayepanda daladala angeliona hilo kabla ya kubonyeza kitufe. Ile ni Marekani au Kanada.

Kisha ramani. Katikati ya video mmeleta ramani ya Uingereza iliyopakwa zambarau kuanzia Scotland hadi Cornwall, na mtangazaji akashusha sauti kama anayesoma tanzia. Nikaisimamisha, nikaikuza kwa vidole. Chini kushoto kuna maandishi madogo: GFS, na kando yake +372. GFS ni programu ya Wamarekani ya kukokotoa hali ya hewa. Inaendeshwa mara nne kwa siku na inaishia saa 384 mbele. Hiyo +372 ni saa, yaani siku 15 na nusu tangu hesabu ilipoanza. Kwa hiyo mmechukua picha ya siku moja, kutoka hesabu moja, ukingoni kabisa mwa uwezo wa programu hiyo, mkawaambia watu ndiyo miezi mitatu. Hesabu iliyofuata saa sita baadaye ingeweza kuionesha Uingereza hiyo hiyo ikiwa na mvua za manyunyu na nyuzi 12. Edward Lorenz alionesha tangu 1963 kwamba kosa dogo la mwanzoni, hata sehemu ya nyuzi moja ya joto mahali pasipo na kipimo, hukua siku hadi siku mpaka likaumeza utabiri mzima. Kompyuta zimekua sana tangu hapo, lakini ukitaka kujua hali ya hewa ya siku fulani, wiki mbili bado ndio kama mwisho wa njia.

Hapa hapa Reading, eneo la Shinfield Park, kipo Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Masafa ya Kati. Wao hawaendeshi hesabu moja wakaiamini. Wanaendesha 51, kila moja ikianza na tofauti ndogo, halafu wanaangalia ngapi zimeelekea wapi. Zikisambaa ovyo, wanajua hawajui. Kwa msimu mzima ndiyo kabisa: hawasemi siku gani itanyesha nini, wanasema uwezekano umeegemea wapi. Na hauegemei bure. Wanaangalia kama kuna El Niño au La Niña, yaani maji ya bahari kuwa na joto au baridi kupita kawaida, kule Pasifiki. Wanaangalia tofauti ya kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, kati ya Iceland na visiwa vya Azores, maana tofauti ikiwa kubwa upepo wa magharibi unaleta mvua na uvuguvugu wa Atlantiki, na ikilegea, baridi ya upande wa Urusi inapata njia. Ni elimu nzito na imepiga hatua. Ila jibu lake huja kwa asilimia, na asilimia haziandikiki kwa herufi kubwa nyekundu.

Ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza, Met Office, ilijifunza hili kwa kuumia. Mwaka 2009 walitangaza majira ya joto ya kuchoma nyama nje. Ndani ya taarifa waliweka asilimia 65, lakini maneno ya nyama choma ndiyo yaliyobaki vichwani mwa watu. Julai ikawa ya mvua. Baridi iliyofuata walisema ingeelekea kuwa ya wastani au ya uvuguvugu, ikawa kali kuliko zote kwa zaidi ya miaka 30. Machi 2010 wakatangaza kuacha kuwatolea wananchi utabiri wa msimu kwa mtindo ule. Siku hizi mtazamo wao wa miezi mitatu umeandikwa kwa ajili ya wapangaji wa mambo ya dharura, watu wanaojua kuzisoma namba.

Na hata hao namba huwatesa. Novemba 2013 mtazamo huo ulisema kwamba kati ya makundi matano ya mvua, kundi la ukavu kabisa lina uwezekano wa karibu asilimia 25, na la mvua nyingi kabisa asilimia 15. Kilichotokea ni majira ya baridi yenye mvua nyingi kuliko yote kwa England na Wales katika kumbukumbu zinazoanzia 1766, na Somerset ikakaa chini ya maji wiki kwa wiki. Je, walidanganya? Hapana. Asilimia 15 si sifuri. Lakini mwaka huo huo, wiki chache kabla, baadhi ya magazeti ya hapa yalikuwa yameahidi theluji ya kuvunja rekodi, kwa uhakika kama wenu. Theluji hiyo haikuja, na sikumbuki gazeti lililorudi ukurasa wa kwanza kusema hivyo.

Mtaniambia mbona 2018 ilikuja kweli. Ndiyo, ilikuja. Februari 2018 hewa ya juu kabisa ya ncha ya kaskazini, kule kwenye stratosfia, ilipata joto la ghafla, mzunguko wa upepo unaoizuia baridi isitoke ukapasuka, na kama wiki mbili baadaye baridi ya mashariki ikatushukia, barabara zikafungwa na Scotland ikapewa tahadhari nyekundu. Lakini endeleeni na hadithi. Januari 2019 joto la ghafla kama lile likatokea tena huko juu. Vichwa vya habari vikamfufua “mnyama wa kutoka mashariki”, jina ambalo magazeti ya hapa yaliipa baridi ile ya 2018. Safari hii Chicago ndiyo iliyoshuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri mwishoni mwa Januari. Sisi tulipata theluji ya siku chache, na tarehe 26 Februari kipimo cha Kew Gardens, London, kikasoma nyuzi 21.2. Kabla ya wiki hiyo Uingereza haikuwahi kuandikisha nyuzi 20 ndani ya miezi ya majira ya baridi. Watu walikaa bustanini na aiskrimu. Dalili ile ile, matokeo mbalimbali. Mtu aliyeyaona hayo mawili yakifuatana hawezi kuandika “wathibitisha”.

Najua mtajitetea kwamba mlinukuu gazeti la Uingereza. Nimelisoma. Ni gazeti la udaku ambalo kila Oktoba lina baridi ya karne, lakini hata hilo liliandika “huenda”, na aya ya mwisho kabisa likamnukuu msemaji wa Met Office akisema ni mapema mno. Nyie “huenda” mkaitupa, na aya ya mwisho mkaitupa nayo. Udaku umetoka London ukiwa na breki mbovu. Ulipofika kwenu mkaziondoa kabisa.

Sasa madhara, maana bila madhara mtaniona mjuaji tu.

Mama yangu yuko Tanga. Hajawahi kuona theluji na hana mpango nayo. Alipoiona video yenu kwenye kundi la ukoo alinipigia saa kumi za usiku za huku, kwake kumekucha, akitaka nirudi nyumbani kabla “ndege hazijaganda”. Nilimweleza, akasema, “Mwanangu, wamesema wataalamu.” Majirani wameshasoma dua. Dua hatuikatai, ila ningependa watuombee kwa mambo ya kweli, nayo tunayo mengi.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amefika Agosti kufanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, na amepanga chumba Slough. Yeye hakupiga simu. Alibonyeza linki yenu, akanunua hita mbili za umeme na jaketi la kupandia milima. Chumba kina joto la gesi ndani ya kodi anayolipa! Kwa bei za kuanzia mwezi huu wa Oktoba 2024 umeme ni pensi 24.50 kwa uniti na gesi ni pensi 6.24. Hita moja ya kilowati mbili inakula pensi 49 kwa saa; iwashe saa sita kila jioni, hiyo ni karibu pauni 90 kwa mwezi. Mwenye nyumba amekwisha kumwambia hataki kuziona. Muuzaji naye anamzungusha kuhusu kurudisha, ingawa kanuni za hapa za mwaka 2013 zinampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo. Hilo la muuzaji tutalimaliza naye. La kwenu ni hili: je, ile namba ya punguzo mliyoweka inawaletea kamisheni? Kama ndiyo, basi ile haikuwa habari, lilikuwa tangazo la hita lenye utangulizi mrefu, na mtazamaji alikuwa na haki ya kuambiwa.

Wapo pia wazee wetu, Wazanzibari na Wakenya waliofika huku miongo mingi iliyopita na sasa ni wastaafu. Mwaka huu wa 2024 serikali imewaondolea wengi wao ile posho ya joto ya pauni 200 hadi 300, isipokuwa wanaopokea Pension Credit, yaani nyongeza ya pensheni kwa wazee wenye kipato kidogo, au misaada mingine ya wenye kipato kidogo, na bei ya nishati imepanda asilimia 10 tangu tarehe mosi. Wana hofu ya kutosha. Kwa dakika nane za video mngeweza kuwaambia waangalie kama wanastahili hiyo Pension Credit na hawajaiomba. Mngewaambia kuna malipo ya pauni 25 kwa wenye kipato kidogo, kila baridi ya sifuri au chini yake inapodumu siku saba mfululizo kati ya Novemba na Machi. Mngewaeleza tahadhari za Met Office za njano, kaharabu na nyekundu, zinazotolewa hadi siku saba kabla, ambazo ndizo za kufuatwa. Hayo yote yapo hadharani, hayana gharama, na hamkuyagusa.

Na hii si shida ya Ulaya peke yake, ndiyo maana imeniuma kuiona kwenu. Mnakumbuka Kenya 2023: kwanza El Niño ikapigiwa tarumbeta, kisha Oktoba Rais Ruto akawaambia wananchi kwamba mvua hazitakuwa za El Niño kama ilivyotabiriwa, na Novemba mafuriko yakaua watu zaidi ya mia moja. Uwezekano ulikuwepo muda wote. Waliouvuta wakaufanya uhakika, na waliochoka na kelele wakaufanya sifuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa mwelekeo wa vuli huandika “wastani hadi juu ya wastani” kwa kanda fulani, na nyie wenyewe huisoma hivyo hivyo kwa adabu. Sijui kwa nini adabu hiyo inaishia uwanja wa ndege.

Ninachoomba ni hiki. Kichwa kile kibadilishwe, si kufutwa kimyakimya. Mweke chini yake kilichobadilishwa na tarehe, kwa sababu video imeshazunguka kwenye makundi ya ukoo na watu wanatakiwa kuona imesahihishwa. Picha ya Marekani iondoke. Mkionesha ramani, mseme ni ya programu gani, imetolewa lini na inahusu siku ipi. Mtangazaji anaweza kulisema kwa pumzi moja. Tangazo liandikwe “tangazo”, na kama mnapata kamisheni iandikwe pia. Mwezi Machi mrudi hewani mseme majira yalikwendaje, mlichopatia na mlichokosea. Met Office huchapisha wastani wa msimu ukimalizika, kwa hiyo kazi hiyo ni ya nusu saa. Kuhusu hita mbili, sidai mlipe. Nadai mnijibu kuhusu kamisheni.

Nasubiri majibu kwa baruapepe niliyotumia kuwaletea barua hii, ndani ya siku 21. Baada ya hapo nitaiwasilisha kwa mamlaka inayosimamia maudhui ya mtandaoni huko nyumbani ambayo leseni yenu inaitaja.

Wenu,
Mtazamaji wa Reading
(jina kamili na namba ya simu vipo kwenye baruapepe)

Viambatanisho: picha ya kichwa cha habari, picha ya ramani iliyokuzwa sehemu ya +372, risiti ya hita mbili na jaketi.