Barua ya wazi kwa vijana wa kujiponya wa ufukwe wa Malindi

Wanangu mnaokusanyika ufukweni kila alfajiri,

Assalamu alaykum, na wenzenu wasioitikia salamu hii nawaamkia kwa heshima ile ile. Nimekuwa nikiwatazama tangu mlipoanza kutandika mikeka yenu mchangani, kusini ya Nguzo ya Vasco da Gama, na sikuwahi kuwasema vibaya. Marehemu baba yangu alikuwa mwandishi wa kombe, yaani aya zinazoandikwa zikaoshwa na kunywewa kama tiba, nami nimeula mkate wa uuguzi hadi kustaafu, kwa hiyo nimeishi baina ya chetezo na sindano na sioni kigeni hata kimoja. Kilichonishikisha kalamu ni maneno ya binti wa jirani yangu, mwenzenu, alipofumbua macho wodini: "Babu, mimi sikuamini vya kutosha."

Binti huyu ana kisukari cha aina ile ambayo mwili hautengenezi insulini. Mlipoingia katika siku zenu tatu za kufunga kwa ajili ya kusafisha nafsi, aliacha chakula na sindano pamoja, kwa kuwa aliambiwa kwamba mwili unaoaminiwa hujirekebisha wenyewe. Siku ya pili akaanza kuvuta pumzi nzito za haraka, mkamsifu kuwa amefunguka kifua. Pumzi zake zikanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi, mkasema ni sumu inayotoka. Wanangu, ile ilikuwa asidi. Mwili usio na insulini hushindwa kuitumia sukari iliyojaa kwenye damu, ukaanza kuyayeyusha mafuta yake wenyewe, na mabaki ya mafuta hayo huichachusha damu, nayo mapafu yakahema kwa nguvu ili kupunguza ile chachu. Alifikishwa hospitali kwa tuktuk saa nane ya usiku, hajitambui.

Kutojua tiba ni kosa linalofundishika, na kwa hilo peke yake ningewaita barazani kwangu tukazungumza. Linalonichoma ni hilo neno lenu "kujiponya", kwa maana silabi yake ndogo ya "ji" mmeitwika mzigo wote. Katika ngoma ya pepo, ambayo wengi wenu mnaicheka, mwele hukalishwa kitini, jamaa zake wakamzunguka, na mganga akamuuliza pepo anataka nini. Pepo akikataa kutoka, lawama humwendea pepo, au mganga, au jamaa waliobania gharama za ngoma. Sikuwahi kusikia mwele mwenyewe akilaumiwa. Baba yangu alikuwa akiandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaiosha kwa marashi ya mawaridi na kumnywesha mgonjwa, na nafuu isipopatikana alisema mbele ya watu kwamba kombe lake limefika mwisho, kisha yeye mwenyewe akamshika mgonjwa mkono hadi kwa daktari. Kwenu asiyepona huambiwa kwamba hajasamehe, hajaachilia, mtetemo wake uko chini. Akarudi nyumbani na maradhi yake yale yale, na juu yake aibu aliyotoka nayo kwenu.

Huko kuwekeana mikono mnakokuita reiki nako nimekusoma, msidhani nazungumza nisilolijua. Mikao Usui alianza kukufundisha nchini Japani mwaka 1922, baada ya mafungo ya siku 21 katika mlima Kurama, kama wafuasi wake wanavyosimulia. Januari ya mwaka huo huo, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa insulini. Kabla ya hapo, mtoto mwenye maradhi kama ya binti yetu alikuwa akisubiri kifo tu. Mambo haya mawili ni marika, na sioni kwa nini moja limzuie mgonjwa asiliendee la pili. Usui aliwausia wanafunzi wake, kwa siku ya leo tu, wasikasirike, wasihangaike, washukuru, wafanye kazi kwa bidii na wawatendee watu wema. Sijaona humo usia wa kutupa dawa.

Ama kufunga, Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, inampa mgonjwa ruhusa ya kula katika Ramadhani na kulipa siku nyingine. Siku tatu mlizojitungia wenyewe hazikuwa na ruhusa hiyo.

Ninyi si watu wa Shakahola, msitu ambamo wafuasi wa mhubiri mmoja walifungishwa hadi kufa, na anayewafananisha nao anawadhulumu. Lakini mji huu, tangu Aprili 2023 ulipoanza kupokea maiti kutoka msitu ule, zaidi ya 400, hausikii neno "kufunga" kama mji mwingine unavyolisikia, nanyi mlipaswa kulijua hilo kabla ya majirani kuwaambia.

Mengine nayataja tu. Msimpige picha anayelia. Kiongozi asijifungie chumbani na binti wa watu. Msiheme kwa kasi kisha mkazamia baharini, kwa maana mtu huzimia chini ya maji kabla ya mwili kumwonya kwamba hewa imekwisha. Na hayo majani ya kufukiza mnayoyaagiza kutoka ng'ambo, ilhali ubani na udi vimejaa madukani petu, yananichekesha tu, hayana dhambi.

Najua pia nani aliyewasukuma ufukweni. Sisi wazee tuliwapigia kelele msikitini na kanisani, tukayaficha maradhi ya akili nyuma ya mapazia, na kijana aliyesema moyo wake ni mzito tukamwambia akaoge apate nguvu. Ninyi mlimsikiliza. Kwa hilo mna haki juu yetu ambayo hatujailipa.

Binti ameruhusiwa kutoka hospitali, na mamake amemwekea insulini yake ndani ya mtungi, chini ya kitambaa kibichi, kwa kuwa nyumba yao haina friji. Anasema Ijumaa atarudi kwenu. Nimemuuliza anarudi kufanya nini, akanijibu kwamba anataka kuwaomba radhi. Mpisheni mkekani, na kabla hajafungua kinywa, muombeni radhi ninyi.