Mjomba, mnara wa Coney Island uachwe usimame

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Uliposema kwenye simu kwamba huko Coney Island, ufukweni Brooklyn, New York, kuna mnara wa chuma usio na kazi, na kwamba afadhali ung'olewe watu wajengewe nyumba, nilinyamaza kwa heshima. Leo naomba kukujibu, tena hadharani, kwa sababu maneno hayo nayasikia huku Nairobi kila palipobaki nafasi ya watu kupumzika.

Mnara huo ni Parachute Jump. Ulijengwa kwa maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1939, ukahamishiwa bustani ya michezo ya Steeplechase mwaka 1941. Una urefu wa mita 76 hivi, na asili yake ni minara ya kuwafunza wanajeshi kuruka kwa parachuti. Pale bustanini watu wawili walikaa bega kwa bega kwenye kiti cha turubai, wakavutwa kwa waya hadi kileleni, Atlantiki yote ikiwa mbele yao. Halafu wakaachiliwa! Parachuti ilijaa hewa, wakashuka mbio hadi springi za chini zikawapokea. Siku za upepo mkali haukuendeshwa. Fikiria ni wangapi walichumbiana pale juu.

Steeplechase ilifungwa mwaka 1964. Mwaka uliofuata Fred Trump, babake Donald, alinunua kiwanja akitaka kujenga majumba ya ghorofa. Mwaka 1966 alibomoa ukumbi mkubwa wa vioo, tena kwa karamu, wageni wakialikwa kuvirushia vioo matofali. Hili linaniuma hata kama halikutendeka kwetu. Na hayo majumba hakuyajenga, maana jiji lilikataa kubadilisha matumizi ya ardhi ile. Kwa hiyo ukumbi ulikwenda bure.

Mnara ukabaki. Mwaka 1977 jiji liliupa ulinzi wa majengo ya kihistoria, likaunyang'anya miezi michache baadaye, likaurudishia mwaka 1989.

Mwaka 1989, mjomba! Mwaka huo huo Wangari Maathai alikuwa akiandika barua ofisi hii na ile kuzuia jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park hapa Nairobi. Alikejeliwa hadi bungeni, lakini hakurudi nyuma, na jengo halikusimama. Wewe ndiwe uliyetupandisha mashua kwenye bwawa la bustani hiyo. Je, angalisikiliza waliosema ardhi ile inakaa bure, ungalitupeleka wapi? Sisi hatukuwa na pesa za kwenda kwingine.

Nyumba watu wanazihitaji, sibishi. Lakini mahali ambapo watu wa kipato kidogo walicheka pamoja ni mali yao pia, na chuma kile ndicho hati pekee iliyobaki wazi kwa kila mpita njia.

Nakuomba Jumapili moja ufike chini yake, uitazame ile mikono 12 iliyokuwa ikishika parachuti kule juu, unipigie picha za mchana, si za usiku zenye taa. Ukija likizo twende Uhuru Park tuendelee kubishana.

Mpwa wako,
Nairobi